Nilimjaribu Dada Yangu Kama Ng'ombe Aliyekataa Kusimama

Siku ile zizini tulikuwa watu sita. Nilikuwepo mimi, Wachira, kifungua mimba wa nyumba yetu. Alikuwepo shangazi yetu Wanjiku, dada ya marehemu baba, ambaye sisi tunamwita Tata. Alikuwepo Mzee Gathogo, jirani ambaye watu humwita kila ng'ombe wao akishindwa kuzaa. Alikuwepo Mama Esther, kiongozi wa ushirika wa kanisa letu. Alikuwepo Wangui, dada yetu mdogo, aliyekuwa na miaka kumi na mitano wakati huo. Na wa mwisho kufika, akikimbia bila viatu na bila fimbo yake, alikuwa Nyawira, dada anayenifuata mimi.

Nawataja wote kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa anapita njia. Niliwaita mimi. Niliwaita waje waone.

Nina miaka thelathini na mitatu sasa. Nafuga ng'ombe wa maziwa na kulima viazi katika shamba letu dogo upande wa Mweiga, mahali ambapo ukungu wa Nyandarua huingia mpaka jikoni. Baba alifariki nikiwa kidato cha kwanza. Mwaka uliofuata niliacha shule, kwa sababu mama asingeweza kukamua, kulima na kutulea peke yake. Sikusukumwa na mtu. Nilivua sare nikaikunja, nikaingia zizini.

Nilipofika miaka ishirini na miwili, mama naye akatuacha. Asubuhi moja alianguka zizini akikamua. Daktari alisema ni mshipa wa kichwa uliopasuka. Nyawira alikuwa na miaka kumi na minne. Wangui alikuwa na saba.

Baada ya mazishi nilitoa amri moja ambayo niliiona ya busara sana. Nilisema katika nyumba hii hakuna kulia tena. Nguo za mama nikazigawa. Picha yake nikaiondoa ukutani nikaificha sandukuni. Niliogopa kwamba tukianza kulia, sote watatu, hakuna atakayebaki kuwasha moto. Je, nilikosea? Siku hizo nilisifiwa kila mahali. Tata alikuwa akiniambia mbele ya watu, "Baba, wewe umesimamisha boma." Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake, kama ilivyo desturi yetu. Na mtu akiitwa baba na shangazi yake tangu utotoni, mwisho anaamini kwamba hawezi kukosea...

Nyawira alisoma mpaka kidato cha nne, kisha akaenda mjini Nyeri kushona sare za shule katika duka la cherehani. Alikaa chumba kimoja na rafiki yake Mwihaki huko Skuta. Alikuwa msichana wa kazi. Kola aliyoshona yeye ilikuwa inajulikana.

Alipofika miaka ishirini na miwili, akaanza kulalamika kichwa.

"Si maumivu," aliniambia kwa simu. "Ni kama nimesimama juu ya godoro. Sakafu inacheza."

Nikamwambia ale vizuri na alale mapema.

Haikuisha. Akiingia dukani mahali penye taa nyingi na watu wengi, lazima ashike rafu. Akipita sokoni, njia ilikuwa inainama. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kuburutika. Mwenye duka akamwambia aende nyumbani apone kwanza. Akarudi Mweiga na mfuko mmoja na fimbo ya kutembelea ambayo Mwihaki alimnunulia.

Wenzangu mnajua jinsi tunavyotibiwa huku kwetu. Kwanza aliambiwa ni taifodi, akameza dawa. Halafu aliambiwa ni brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi, na mimi nikaona aibu kwa sababu maziwa ni yangu. Akadungwa sindano mpaka akashindwa kukaa. Tukaenda kwa daktari wa masikio. Masikio yalikuwa mazima. Sukari ilikuwa sawa. Presha ilikuwa sawa.

Nikabaki na hofu moja ambayo sikuitamka. Mama alikufa kwa kichwa. Nyawira naye anaumwa kichwa. Nikauza mtamba wangu bora, aliyekuwa karibu kuzaa, ili apigwe picha ya kichwa.

Siku ya majibu niliingia kwa daktari peke yangu. Nyawira nilimwacha kwenye benchi nje, kwa sababu niliona habari mbaya ni ya mwanamume kuibeba. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Akaniambia picha ni safi, ubongo hauna uvimbe wala damu. Nilitaka kumkumbatia. Kisha akasema kwamba hata hivyo dada yangu ni mgonjwa, na kwamba kizunguzungu kama hicho mara nyingine hutokana na hofu au huzuni iliyokaa ndani. Akanishauri nimpeleke jengo lile lingine, kwa madaktari wa akili.

Je, nilisikia nini? Nilisikia kwamba dada yangu ni mwendawazimu. Nilisikia pia kwamba mtamba wangu ameenda bure.

Nilitoka nje. Nyawira aliinua uso na kuniuliza, "Wamesema nini?"

"Wamesema hakuna kitu," nikamjibu.

"Hakuna kitu kabisa?"

"Kabisa. Uko mzima."

Ushauri ule wa daktari nikaumeza. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine yeyote. Nilijiambia kwamba namlinda, maana msichana akijulikana amepelekwa jengo lile, ni nani atakayemuoa? Lakini leo najua nilikuwa nalinda jina langu. Wachira asiyeshindwa... angewezaje kuwa na dada wa namna hiyo?

Kuanzia siku hiyo nilianza kumtazama kwa jicho lingine. Nilimvizia. Niliona kwamba akiwa amekaa akimsaidia Wangui hesabu, mguu wake unatulia na kukunjika vizuri. Akiambiwa asimame, mguu unakuwa mzito. Niliona siku moja paka akiruka juu ya meza, na Nyawira akainuka kumfukuza kabla hajakumbuka fimbo. Nikasema moyoni, "Ndiyo. Nimekushika."

Ni hapo nilipomweleza Mzee Gathogo. Tulikuwa tunarudi kutoka kituo cha kupeleka maziwa, na mitungi yetu ikiwa tupu. Nikamwambia daktari amesema hakuna kitu, lakini msichana hatembei.

Mzee Gathogo alicheka kidogo. "Wachira, wewe ni mtu wa ng'ombe na unaniuliza mimi? Ng'ombe ikilala ikatae kusimama, unafanya nini?"

"Naangalia kama ni homa ya maziwa," nikasema, ile inayomlaza ng'ombe aliyetoka kuzaa.

"Na kama si homa ya maziwa? Kama inakula, macho iko sawa, lakini imekataa tu?"

Jibu nililijua, kama linavyojulikana na kila mfugaji wa kwetu. Unaleta mbwa. Unamwachilia mbwa ghafla karibu na kichwa chake. Ng'ombe mgonjwa kweli atabaki chini hata mbwa akimbwekea sikioni. Lakini yule mkaidi ataruka asimame.

"Ng'ombe haina aibu," Mzee Gathogo alisema, "lakini ikiona mbwa inakumbuka iko na miguu."

Tulicheka. Yeye alisema kama mzaha, na nadhani angeshangaa kama angejua kwamba nililala na maneno yale. Mzaha wa mtu mmoja ni shauri kwa mwingine.

Sikutumia mbwa. Nilitumia kitu kibaya zaidi.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Nilimwita Tata kutoka Gatitu, nikimwambia tuna jambo la nyumba. Nilimwita Mama Esther, kwa sababu wanawake wa ushirika walikuwa wanamwombea Nyawira kila wiki na kumletea ndizi, na niliona ni haki wajue wanamwombea nani. Nilimwita Mzee Gathogo. Wangui nilimwambia aingie zizini anisaidie kutenga ndama, wala sikumweleza zaidi.

Nyawira alikuwa ndani ya nyumba, amekaa kitandani, anapinda suruali yangu iliyochanika. Mpaka leo siwezi kuvaa ile suruali.

Niliwapanga wageni wangu nyuma ya ukuta wa mbao. Kisha nikasimama kwenye mlango wa zizi na kupaza sauti kwa nguvu zangu zote.

"Nyawira, kimbia! Wangui ameanguka zizini!"

Kisha tukasikia kiti kikianguka. Mlango ukagonga ukuta. Na dada yangu akatokea.

Alikimbia. Alikimbia katika matope ya uani, kwa miguu yote miwili, sindano ya kushonea ikiwa bado imechomekwa kifuani kwenye sweta. Hakushika kitu. Hakuyumba. Aliruka mfereji wa maji machafu ambao hata mimi huuzunguka.

Alipofika mlangoni alimwona Wangui amesimama na kamba ya ndama mkononi, mzima, mdomo wazi. Akamwona Tata. Akamwona Mama Esther. Akamwona Mzee Gathogo akitazama chini. Akanitazama mimi mwisho.

Nami nikasema neno moja kwa wageni wangu. "Mmeona."

Nyawira alitazama miguu yake mwenyewe kama aliyeona nyoka. Kisha magoti yakalegea, akaanguka pale pale kwenye matope ya zizi, na mwili mzima ukaanza kutetemeka.

"Usimguse," nikamwambia Wangui. "Amekimbia mwenyewe, atasimama mwenyewe."

Tata alitikisa kichwa. "Ati msichana mzima hivi? Na mtamba wa watu umeuzwa?"

Mama Esther alifunga macho akaanza kukemea pepo wa uongo. Mzee Gathogo aliondoka bila kuaga. Ni Wangui pekee aliyeniasi. Aliiacha kamba, ndama akaponyoka, akapiga magoti kwenye matope na kumshika dada yake. Alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwa mtoto niliyemlea.

"Wewe ni mbaya," aliniambia, polepole tu.

Wasomaji wenzangu, mnafikiri nilishtuka? Hapana. Nililala vizuri usiku ule. Niliona nimeponya ugonjwa ambao hospitali ilishindwa.

Kesho yake nilimnyang'anya fimbo. Niliitumia kuegemeza geti. Nikamwambia mtu anayekimbia hahitaji fimbo. Kwenda chooni alikuwa anashika ukuta, halafu ua, halafu anatambaa pale ambapo hakuna cha kushika. Nilimwona kwa macho yangu akitambaa, nikamwona anaigiza. Jinsi moyo ulivyoumia ndivyo nilivyoufunga. Je, si hivyo tunavyofanya tukishatangaza jambo mbele ya watu? Nilikuwa nimeshasema "mmeona." Ningerudi nyuma vipi?

Habari ikatembea. Sijui ni nani aliyeanza, ila najua ni nani angeweza kuizima. Pale kituo cha maziwa, kijana akichelewa kushusha mtungi, mtu alikuwa anasema, "Mwambie Wangui ameanguka, utamwona akiruka." Watu wanacheka. Nami, Mungu anisamehe... nilikuwa nacheka nao.

Siku moja Nyawira alikuwa ameketi nje akiota jua. Wasichana wawili wa jirani walipita na kuni, na mmoja akaita kwa sauti, "Nyawira, kimbia!" Wakacheka wakaenda zao. Nilikuwa nakata nyasi za ng'ombe karibu. Nilimwona akiinamisha kichwa. Sikusema neno kwa wale wasichana.

Wiki hiyo hiyo Mwihaki alikuja na gari la mjomba wake. Hakunisalimu. Alimwingiza Nyawira kwenye gari kama mtu anayebeba mayai, akachukua ule mfuko mmoja, wakaenda. Likizo ilipoisha, Wangui akarudi shule ya bweni bila kuniaga. Nyumba ikabaki yangu na ng'ombe.

Niliendelea na kazi. Mimi ni mtu wa kuendelea na kazi. Lakini chai nilikuwa naipika ya watu watatu, halafu namwaga.

Simu ya Mwihaki ilikuja baada ya muda. Alisema Nyawira alikuwa ameacha kula, kwamba amempeleka jengo lile la madaktari wa akili, na kwamba daktari anataka kuongea na mtu wa familia.

"Nilimwambia afadhali Wangui," Mwihaki alisema. "Lakini Wangui yuko shule. Kwa hivyo ni wewe. Usikuje na maneno mingi."

Niliingia mjini nimevaa koti la baba. Na mnajua nilikuwa nimejiandaa kusema nini? Nilikuwa nimejiandaa kumweleza daktari kuhusu jaribio langu! Niliamini atanishukuru.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye kitambaa kichwani, sauti ya chini. Nyawira alikuwa amekaa pembeni, amekonda, mikono katikati ya magoti. Daktari alimuuliza kwanza yeye kama anakubali niongee. Nyawira akatikisa kichwa kukubali bila kuniangalia.

Nikaeleza yote. Ng'ombe, mbwa, Jumamosi ile, mbio zile. Nilieleza kama shahidi mahakamani. Nilipomaliza, daktari hakunigombeza. Aliniambia nimemletea habari muhimu, nami nikanyoosha mgongo.

Kisha akamwomba Nyawira alale kwenye kitanda cha wagonjwa. Akaniita karibu. Kwa ruhusa ya Nyawira, akaniambia niweke kiganja chini ya kisigino cha ule mguu mbovu.

"Nyawira, bonyeza mkono wa kaka yako," alisema daktari.

Nyawira alijikaza. Niliona jasho usoni. Kwenye kiganja changu sikusikia kitu.

"Acha. Sasa sahau mguu huo. Inua ule mzima juu, nami nitauzuia."

Nyawira akainua mguu mzima, na daktari akaukandamiza kwa mkono. Na hapo hapo, chini ya ule mguu mbovu, kisigino kilinibonyeza. Kilinibonyeza kwa nguvu mpaka vidole vyangu vikazama kwenye godoro.

"Umesikia?" daktari aliniuliza.

"Nimesikia," nilisema. "Kwa hivyo nguvu iko. Kwa hivyo anaweza."

"Nguvu iko. Akiuita mguu kwa kutaka, hauji. Asipoufikiria, unakuja wenyewe. Ni ugonjwa unaojulikana, na tunauona kwa wengi. Tena mtu anayejifanya hukwepa kupimwa, lakini huyu amejikaza mpaka jasho likamtoka."

Alinieleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyeacha shule niliyaelewa. Alisema ubongo wa Nyawira hauna kidonda, lakini umekaa kwenye tahadhari kwa muda mrefu kama mlinzi asiyelala, mpaka unaona hata sakafu ni hatari. Ndiyo maana sakafu inacheza. Alisema kizunguzungu ni cha kweli, na mguu unashindwa kweli. Kukimbia kwake siku ile, hofu ilipomsahaulisha mguu, ndiko kunakothibitisha ugonjwa wenyewe. Na mimi nilikuwa nimezitumia mbio zile kuthibitisha kwamba ni mwongo!

Nilikaa. Sikuamini miguu yangu mwenyewe.

Akaniuliza swali moja tu zaidi. "Siku ile ulimwita kwa maneno gani?"

Nikayasema. Nilianza kuyasema kwa sauti ya kawaida. "Nyawira, kimbia. Wangui ameangu..." Na katikati ya neno nikasimama.

Kwa sababu niliyasikia. Ni maneno niliyomwita nayo asubuhi ile mama alipoanguka. Nilikuwa nimesimama mlango ule ule wa zizi, kwa sauti hii hii yangu, nikapiga kelele, "Nyawira, kimbia! Mama ameanguka zizini!" Nilibadilisha jina tu. Naapa sikukusudia. Lakini je, kutokusudia kunapunguza nini?

Kisha Nyawira akaongea, bado amelala, macho kwenye dari.

"Mama aliniita kabla yako," alisema. "Nilimsikia. Nilidhani ananiita nibebe maziwa. Nikamaliza chai kwanza."

Miaka minane alikuwa ameibeba chai ile.

"Halafu ukanituma kwa jirani mwenye gari. Niliporudi, mama alikuwa ameenda. Ukaniuliza, 'Wewe ulikuwa wapi?' Nilitaka kukuambia. Lakini ulisema hakuna kulia."

Nilikumbuka nikimuuliza. Nilikuwa nimechanganyikiwa, nilitaka kujua tu mbona gari limechelewa. Yeye alisikia hukumu. Na mimi, baada ya kutoa hukumu bila kujua, nikaifunga nyumba nzima mdomo ili isikatwe rufaa.

Daktari alitahadharisha kwamba si kila kizunguzungu kinatokana na huzuni, na kwamba ndiyo maana ilikuwa sawa kupimwa damu, masikio na kichwa kwanza. Alisema pia kwamba kifo cha mama huenda si sababu pekee. Hata alimwambia Nyawira kwamba ule mshipa haungengoja chai wala gari. Nyawira alisikiliza. Kuamini kulichukua muda mrefu zaidi.

Nilimwomba radhi hapo hapo. Nilipiga magoti, mimi ambaye sijapigia magoti mtu. Nilimwambia pia yale ambayo daktari wa kwanza alinishauri na mimi nikayaficha. Hilo ndilo lililomfanya anigeukie.

"Ulijua?" aliuliza. "Ulijua kuna daktari, halafu ukaniita zizini?"

"Ndiyo."

Akarudisha macho kwenye dari. Kisha akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Alisema amesikia tu.

Matibabu hayakuwa miujiza. Alikuwa anaenda kuongea na daktari, anafundishwa kutembea tena huku akihesabu au akiimba ili asiukodolee macho mguu, na alipewa dawa za kutuliza ile hofu. Siku nyingine alitembea mpaka sokoni. Siku nyingine alirudi kushika ukuta. Lakini polepole sakafu ilitulia. Leo anashona tena kwenye duka lake la zamani, na fimbo hana. Kizunguzungu humrudia akichoka sana. Sasa anajua ni nini, hakiogopi tena.

Mimi nilizunguka kwa wale niliowaita. Mzee Gathogo alinisikiliza akiwa ameshika kofia. "Basi mimi nilikupa dawa ya ng'ombe," alisema, na tangu siku hiyo sijamsikia akitania juu ya mgonjwa. Mama Esther alienda Skuta mwenyewe na ndizi zake akamwomba Nyawira msamaha. Lakini Tata... Tata nilimweleza mara nyingi. Kila mara alinijibu, "Baba, si alikimbia? Niliona na macho yangu." Ni rahisi kuonyesha watu jambo. Jaribu kuwaondolea machoni.

Pale kituo cha maziwa nilisimama asubuhi moja, mitungi imejaa, watu wamejaa, nikasema dada yangu alikuwa mgonjwa kweli na mimi ndiye niliyedanganya. Wengine walitazama chini. Mmoja alicheka. Utani ule ulififia, nadhani kwa sababu walipata mwingine.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa ninyi kifungua mimba mliobaki na wadogo mikononi. Najua mzigo wenu. Daktari akikwambia vipimo viko safi, usisikie kwamba mgonjwa ni mwongo. Uliza, "Sasa tuende wapi?" Na ukielekezwa kwa madaktari wa akili, nenda. Usione haya kama mimi. Wala usimtegee mgonjwa mtego, hata kama unahisi anaigiza. Na mkizika mtu, jamani, waacheni watoto walie. Ile picha ya mama nimeirudisha ukutani. Wangui ndiye aliyenisaidia kupiga msumari.

Sitaki mdhani nimemaliza kulipa.

Nimeoa. Mwezi uliopita mke wangu alijifungua, msichana, mtoto wetu wa kwanza. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya mume. Kwa hiyo mtoto ni Nyambura, jina la mama yetu. Huku kwetu watu hawasemi umepata mtoto. Wanasema mama yako amerudi.

Nilisimama nje ya wodi nikampigia Nyawira kabla sijampigia mtu mwingine. Sauti yangu ilikuwa inakatika kwa furaha. Nikamwambia, "Nyawira, mama amerudi. Njoo mbio umwone."

Nikasikia cherehani kwa mbali ikisimama.

"Wangui yuko hapo?" aliniuliza.

"Yuko hapa."

"Nipe yeye," alisema. "Yeye ndiye aniambie."

Nikampa Wangui simu.